KUBA, MATAO NA ZEGE LINALOCHAPWA: HISTORIA YA UMBO LA MVIRINGO KUTOKA KILWA HADI ZIWA NYASA

 

Mnamo mwaka 2021 kuta za darasa la shule zilisimamishwa katika kijiji cha Kalonga, wilaya ya Salima nchini Malawi, kwa muda wa saa 18. Hakukuwa na fundi aliyepanga tofali wala kibarua aliyebeba karai la udongo. Mashine kubwa iliyofungwa kwenye reli za chuma ilimimina zege laini kupitia mdomo wa bomba, ukanda juu ya ukanda, hadi ukuta ukafika kimo chake. Salima iko kwenye ufuko wa ziwa lile lile ambalo ncha yake ya kaskazini ni Matema, katika wilaya yetu ya Kyela. Sisi tunaliita Nyasa na wenzetu wanaliita Malawi, lakini maji ni yale yale.

Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema kwamba mashine hii itatujengea shule, zahanati na misikiti yenye kuba na matao kwa siku chache na kwa gharama ndogo, kwa hiyo michango ianze kukusanywa. Wapo wanaosema kwamba ni mchezo wa matajiri usiotuhusu. Kauli zote mbili zimetolewa kabla ya kuitazama historia. Kujenga umbo la mviringo kwa zege si jambo lililozaliwa jana, na katika pwani yetu lina umri wa zaidi ya miaka 600. Hivyo basi, katika makala haya tutaiweka mashine hiyo mahali pake katika historia, kisha tutaangalia ardhi ya Matema inahitaji nini na mafakihi wanatuongoza vipi katika mikataba ya ujenzi wa namna hii. Fedha zinazozungumzwa ni za wakfu na za maskini, na mwenye kuzisimamia ataulizwa.

Mviringo kabla ya mashine

Mtu wa Matema hahitaji kufundishwa uzuri wa umbo la duara. Wazee wa Kinyakyusa walijenga nyumba za duara kwa mianzi na udongo, na msafiri Joseph Thomson, aliyepita katika nchi hii mwaka 1879, aliusifia mno usafi na mpangilio wa vijiji alivyoviona kwenye kichwa cha ziwa. Nyumba hizo hazikudumu kama mawe yanavyodumu, lakini kila mwenye nguvu aliweza kujijengea, na vifaa vyake vyote vilipatikana kwa kutembea kwa miguu.

Mfano ulio karibu zaidi na maudhui yetu ni chungu. Jirani na Matema, chini ya milima ya Livingstone, kipo kijiji cha Ikombe, na wanawake wa Kikisi wa huko ni wafinyanzi mashuhuri ambao vyungu vyao huuzwa katika gulio la Lyulilo siku za Jumamosi, kisha husafirishwa mpaka Mbeya na mbali zaidi. Mtazame mfinyanzi anavyofanya. Huanzia chini, akaupandisha ukuta wa chungu kidogo kidogo. Udongo wa chini ukiwa laini mno, uzito wa juu utaubonyeza na chungu kitaporomoka. Ukiwa umekauka mno, udongo mpya hautashikana nao na ufa utatokea mahali pa kuungia. Vilevile tumbo la chungu hutanuka kwa kiasi na shingo hujikunja ndani kwa kiasi, kwani akipitisha kiasi mdomo utaanguka.

Tunaomba msomaji ayahifadhi mambo hayo matatu: ulaini wa tabaka la chini, mshikamano wa tabaka na tabaka, na kiasi cha kujikunja. Tutayakuta tena mbele, kwani mashine iliyokwenda Salima inahangaika na mambo hayo hayo.

Kuba za Kilwa

Ama kuhusu mviringo wa mawe na chokaa, kituo chetu ni Kilwa Kisiwani. Katika pwani yetu misikiti ya mawe ni ya kale sana. Kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yapo maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Lakini majengo mengi ya zamani yalikuwa na paa bapa lililobebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutwi ikarefuka, na ndiyo maana vyumba vya pwani vilikuwa vyembamba. Urefu wa chumba ulifuata matakwa ya mwenyewe, lakini upana ulitawaliwa na mti.

Mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mafundi wa Kilwa waliuvunja mpaka huo. Msikiti Mkuu ulipanuliwa upande wa kusini, na sehemu hiyo mpya ikaezekwa kwa kuba na matao marefu badala ya boriti. Sultani huyo huyo ndiye aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane, juu ya jabali linaloitazama bahari. Vifaa vilikuwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya tanuri la magogo, yakachomwa mpaka yakawa chokaa, kisha chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Ikichanganywa na mchanga na vipande vya mawe, ilikuwa zege kwa maana yote ya neno hilo. Zege hilo lilimwagwa na kupangwa juu ya kiunzi cha mbao, kile ambacho mafundi wetu wa leo wanakiita fomu, na kiunzi kikaondolewa baada ya kazi kukaza.

Mambo mawili katika historia ya msikiti huo yanatuhusu. La kwanza ni kwamba sehemu hiyo iliyopanuliwa ilianguka. Ilijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 15, katika enzi ya Sultani Sulaiman ibn Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil. Nguzo za awali zilikuwa za jiwe la tumbawe zima zima. Nguzo zilizofuata zilijengwa kwa mawe madogo na chokaa, nazo zimesimama mpaka leo. Kuba si kofia inayowekwa tu juu ya kichwa. Inasukuma chini na inasukuma pembeni, na asiyeupa msukumo wa pembeni mahali pa kwenda atakuja kuokota mawe.

La pili ni habari ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, katika enzi ya al-Hasan mwenyewe. Aliusifia mji kwa uzuri na mpangilio wake, lakini alieleza kwamba majengo yake ni ya miti na paa zake ni za majani. Baadhi ya wasomaji hushangaa iweje msafiri mkubwa kama huyu asizitaje kuba. Sisi tunaona kuwa maelezo yake yanatufunza jambo. Wengi wa watu wa Kilwa waliishi katika nyumba za miti, na kuba ilikuwa ya msikiti, ya kasri na ya watu wachache. Kiunzi cha kuba kilihitaji mbao nyingi, maseremala hodari na hazina ya kuwalipa, hazina ambayo kwa Kilwa ilitokana na dhahabu ya Sofala. Biashara ilipodorora na Wareno wakaushambulia mji mwaka 1505, uwezo ule ulipungua. Hata karne ya 19, kuba zilizojengwa Unguja kama zile za hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850 zilikuwa kazi za amri ya Sultani.

Kilichosafiri na kisichosafiri

Kilwa na ziwa letu hazikuwa mbali kama ramani inavyoonesha. Misafara ya Kilwa ilifika Nyasa kutafuta pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watu waliouzwa utumwani. Historia haisafishwi kwa kufichwa, nasi hatuwezi kuusifia ustadi wa pwani tukanyamazia dhuluma hiyo. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alijiimarisha Nkhotakota, kaskazini ya hiyo Salima. Baadaye Mlozi akajiweka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe kutoka Kyela, mpaka Waingereza walipomnyonga mwaka 1895.

Kwa njia hizo ufukweni mwa ziwa ulifika mpunga, majahazi, chuo cha Kurani, kanzu na nyumba ya pembe nne. Kuba haikufika. Bara hakukuwa na matumbawe wala matanuri ya chokaa ya pwani, na maseremala wa viunzi hawakuwa miongoni mwa wapagazi wa misafara. Ujuzi wa kujenga husafiri pamoja na watu wanaoujua. Bidhaa peke yake haiubebi.

Elimu ya kujenga bila kiunzi

Katika sehemu nyingine za ulimwengu wa Kiislamu, wanazuoni na mafundi walishughulika na swali hili hili la mviringo. Mwaka 1427 huko Samarkand, miaka michache tu baada ya msikiti wa Kilwa kujengwa upya, Jamshid al-Kashi alikamilisha kitabu chake Miftah al-Hisab. Ndani yake ameweka hesabu za kupima matao, kuba na mapambo ya mukarnasi, ili mjenzi aweze kukadiria eneo na vifaa kabla ya kuanza kazi. Kwa hiyo kutumia hesabu kabla ya mwiko si bidaa ya kompyuta.

Upande wa mafundi, Wanubi wa Misri ya juu walihifadhi ustadi wa ajabu: kujenga tao refu na kuba kwa matofali ya udongo bila kiunzi chochote. Hupandisha ukuta wa mwisho kwanza, kisha hupanga pete za matofali zikiuegemea ukuta ule kwa mshazari, kila pete ikiilalia iliyotangulia. Kwa kuwa pete imeegemea, tofali haidondoki hata udongo ukiwa bado mbichi. Katika miaka ya 1940 mhandisi wa majengo Hassan Fathy, aliyesomea Cairo, alijaribu kujenga paa za namna hiyo kule Bahtim na zikamwangukia. Ndipo akawatafuta mafundi wa Aswan, nao wakamjengea bila mbao. Kuanzia mwaka 1946 alifanya nao kazi katika kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor. Msomi alikwenda kwa mafundi wa kijijini kuuliza, na kuuliza kwake hakukumpunguzia heshima.

Zege linalochapwa ni nini?

Mwanzo wa mashine hizi ni miaka ya 1990, pale Behrokh Khoshnevis, mhandisi mzaliwa wa Irani anayefundisha Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alipobuni njia ya kumwaga ukanda wa zege kwa mdomo wa bomba huku miiko midogo ikilainisha pande zake. Leo mashine za namna hii ni za aina nyingi, lakini msingi wake ni mmoja. Mchoro wa jengo huwekwa katika kompyuta na kukatwa katika tabaka nyembamba. Zege laini la saruji, mchanga na viambato maalumu husukumwa na pampu. Mdomo wa bomba huzunguka kwa kufuata mchoro, ukilaza tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea.

Zege hilo linatakiwa kuwa na tabia mbili zinazokinzana: liwe laini ndani ya bomba ili lipite, na liwe gumu mara tu linapotoka ili lisitandazike. Mashine ikienda haraka mno, tabaka za chini hubonyea na ukuta huanguka. Ikienda polepole mno, tabaka la chini hukauka usoni na lile la juu halishikamani nalo sawasawa, na hapo ndipo palipo udhaifu wa ukuta. Msomaji atakumbuka chungu cha Ikombe.

Kwa nini basi kuta hizi aghalabu huwa na pembe za mviringo? Iko sababu ya mashine na iko sababu ya maumbile. Mdomo wa bomba unapokata kona kali hulazimika kupunguza mwendo na zege hurundikana, ilhali kwenye mviringo hupita kwa ulaini. Ama maumbile, chukua karatasi moja uisimamishe wima juu ya meza: italala. Ikunje nusu duara kisha uisimamishe: itasimama. Ukuta mwembamba ulionyooka, ukiwa bado mbichi, ni kama karatasi ile ya kwanza. Kwa fundi wa tofali na fomu, mviringo ni gharama juu ya gharama, kwa kuwa mbao hazipindiki kwa urahisi. Kwa mashine, mviringo na mstari ni kazi moja. Hii ndiyo faida yake ya kweli, na inastahiki kukiriwa.

Lakini ukuta wa mviringo si kuba. Kuba hujikunja kwenda ndani, na kila tabaka hutokeza kidogo nje ya lile lililo chini yake bila kitu cha kulibeba. Ikipita kiasi, huporomoka. Mwaka 2021 huko Massa Lombarda nchini Italia ilikamilishwa nyumba iitwayo Tecla, yenye umbo la kuba, iliyochapwa kwa udongo wa mahali pale pale. Ilichukua takriban saa 200 za mashine na tabaka 350. Mwaka huo huo mjini Venice lilijengwa daraja la miguu liitwalo Striatus, lenye vipande 53 vya zege lililochapwa, visivyo na nondo wala saruji ya kuunganishia, vikisimama kwa kukandamizana kama mawe ya tao. Tabaka zake zilichapwa kwa mshazari ili msukumo wa tao uzibane badala ya kuzitenganisha. Mafundi wa Kinubi waliegemeza pete zao kwa mshazari ili udongo mbichi usidondoke, na wahandisi wa Striatus walilaza tabaka zao kwa mshazari ili ziubebe msukumo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, ila wote walifahamu kuwa tabaka la tao halipaswi kulala bapa kama la ukuta.

Yaliyokwisha kutendeka kwetu na kwa jirani zetu

Turudi karibu. Shule ya Salima ilijengwa na kampuni ya 14Trees, iliyoanzishwa na kampuni ya saruji ya Holcim pamoja na taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza. Sababu iliyotolewa ni nzito: kwa makadirio yaliyotangazwa wakati ule, Malawi ilikuwa na upungufu wa madarasa 36,000, ambayo kwa njia ya kawaida yangehitaji miaka 70 kuyajenga. Kampuni hiyo hiyo iliingia Kilifi, katika pwani ya Kenya, kwa mradi wa Mvule Gardens wa nyumba 52, na kuta za nyumba 10 za kwanza zilichapwa kwa wiki 10. Nchini Oman, Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Teknolojia kilichoko Halban, karibu na Muscat, kilichapa nyumba ya mita za mraba 190 mwaka 2021. Na mwezi Machi 2024 ulifunguliwa mjini Jiddah msikiti wa mita za mraba 5,600 uliojengwa kwa mashine za kuchapa.

Tuzisome habari hizi kwa uangalifu. Saa 18 za Salima ni saa za kusimamisha kuta. Msingi, paa, milango, madirisha na sakafu ni kazi nyingine, na hizo hufanywa na mafundi kama kawaida. Anayesema kuwa shule imejengwa kwa saa 18 anafanana na anayesema kuwa pilau imepikwa kwa muda wa kukaanga vitunguu.

Ardhi ya Matema

Sasa tuitazame ardhi yetu. Jambo la kwanza ni tetemeko. Ziwa Nyasa limelala ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi yake haijatulia. Tarehe 10 Machi 1989 tetemeko la ukubwa wa 6.1 liliipiga Salima na kuua watu, na mwezi Desemba 2009 matetemeko mfululizo yaliitikisa Karonga na kubomoa nyumba nyingi za tofali na udongo. Tofali na zege ni hodari wa kubeba mzigo unaokandamiza, na ni dhaifu mbele ya nguvu inayovuta. Tetemeko huvuta. Katika ujenzi wa kawaida nondo ndizo zinazopokea mvuto huo, lakini kuingiza nondo ndani ya ukuta unaochapwa ni jambo linaloendelea kuwatatiza wahandisi. Hufanyika kwa kuacha uwazi katikati ya kuta mbili na kuujaza nondo na zege, au kwa kulaza waya kati ya tabaka. Atakayeleta mashine Kyela bila kueleza nondo zitakaa wapi, asipewe sahihi.

La pili ni maji. Kyela ni nchi ya mvua nyingi na mito ya mafuriko: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Nyumba ya duara haiukwepi udongo tepetepe, kwani msingi ndio unaosema neno la mwisho.

La tatu ni saruji. Zege la kuchapwa huwa na saruji nyingi kuliko zege la kawaida, kwa sababu kokoto kubwa hazipiti kwenye bomba. Tuna kiwanda cha saruji cha Songwe, karibu na Mbeya, kwa hiyo mfuko hautoki mbali. Lakini viambato maalumu, vipuri, umeme usiokatika na mtu wa kuiendesha kompyuta havipatikani gulioni Lyulilo. Mashine ikiharibika katikati ya ukuta, zege lililomo bombani halingojei kipuri kutoka ng'ambo.

La nne, na kwetu ndilo zito kuliko yote, ni mikono ya watu. Ukikata kuni, ukifyatua tofali, ukichoma tanuri, ukisomba mchanga, fedha ya mchango inazunguka kijijini kabla haijawa ukuta. Kijana aliyekuwa kibarua wa kuchanganya zege katika ujenzi wa msikiti huweza kuwa fundi katika ujenzi wa zahanati. Mashine huikata mizunguko hiyo. Kwa upande wa pili, tuseme haki: tanuri la tofali hula miti, na milima iliyovuliwa miti huteremsha matope mtoni. Atakayepima apime pande zote mbili.

Masuala ya kifiqhi

Mafakihi hawakuandika juu ya mashine hii, lakini waliandika juu ya mikataba na dhamana, na misingi yao inatosha. Suala la kwanza ni namna ya mkataba. Kuagiza jengo ambalo bado halipo, kwa vifaa vya mjenzi mwenyewe, huingia katika mlango wa istisnai. Mahanafi wameuruhusu kwa sababu ya haja ya watu, ama katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, hufungwa na masharti ya salamu, na miongoni mwake ni kulipa thamani yote mwanzoni. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jiddah cha mwaka 1992, iliukubali mkataba wa istisnai kuwa ni wenye kuwafunga pande mbili, ikashurutisha kubainishwa kwa aina, kiasi na sifa za kinachoagizwa pamoja na muda wake, na ikaruhusu malipo kwa awamu. Hii ni rahma kwa wadhamini wa misikiti, kwani hawalazimiki kutoa fedha zote kabla ya ukuta kuonekana.

Suala la pili ni dhamana. Ukuta ukianguka, ni nani anayelipa? Imepokewa kuwa Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwabebesha mafundi dhamana ya mali za watu zilizoharibikia mikononi mwao, kwa kuchunga maslaha ya watu. Abu Yusuf na Muhammad ibn al-Hasan walielekea huko pia. Ama kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, na halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Kwa fundi wa mwiko uzembe unaonekana: timazi imepinda, saruji imepunguzwa. Kwa mashine, aliyechora yuko nchi moja, aliyetengeneza viambato yuko nchi nyingine, aliyeiendesha ni kijana wa mkataba wa miezi mitatu, na kila mmoja atamwelekeza mwenziwe kidole. Kwa hiyo mkataba utaje jina moja la mwenye kubeba dhamana, aliye ndani ya nchi, anayeweza kusimamishwa mbele ya hakimu wa Kyela. Bila ya hilo, mali ya wakfu imewekwa rehani kwa bahati.

Suala la tatu ni kuba yenyewe. Kuba si sharti la msikiti wala si sunna yake. Ni ada ya ujenzi, na wanazuoni wamekuwa wakichukia kujifaharisha kwa majengo ya misikiti tangu zama za mwanzo. Kuba iliyo na kazi, kwa mfano kuezeka ukumbi mpana pasipo boriti au kupoza joto la ndani, ina hoja ya kutetewa. Ama kuba inayojengwa ili tuonekane tumewapita jirani zetu, ilhali watoto wanasoma chini ya mwembe, hiyo haina hoja, iwe imejengwa kwa mwiko au kwa mashine.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mashine ya kuchapa zege imeondoa gharama moja iliyoifanya kuba na ukuta wa mviringo kuwa mali ya masultani, nayo ni gharama ya kiunzi. Haijaondoa msukumo wa pembeni ulioiangusha kazi ya fundi asiyeupangia njia, haijaondoa ufa wa mahali pa kuungia anaoujua kila mfinyanzi, na haijaondoa tetemeko.

Nasaha yetu kwa wadhamini wa misikiti, madrasa na shule katika mwambao huu, kutoka Matema hadi Itungi, ni kama ifuatavyo. Wasianze na kuba. Wakitaka kuijaribu mashine hii, waanze na jengo dogo la ghorofa moja, kama darasa au kisima cha udhu, lililopimwa na mhandisi aliyesajiliwa, na vipande vya zege lake vikavunjwe maabara kabla ya malipo ya awamu ya pili. Waweke katika mkataba sharti la kufundisha vijana wa kijijini, na hesabu yao iandikwe, kwa sababu tumeona kuwa kuba za Kilwa hazikufika ziwani kwa kukosa watu waliozijua. Waende Salima, ambako ukuta umekwisha kupita mvua za miaka kadhaa, wakautazame kwa macho yao mahali pa kuungia tabaka na waulize walimu unavuja au hauvuji. Na waulize bei ya jengo zima, kuanzia msingi hadi kitasa cha mlango, wala wasikubali kupewa bei ya ukuta peke yake.

Wakiyapata majibu hayo kwa maandishi, wakae na waumini wao washauriane. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.